Mahitaji ya Chini

Karatasi ilikuwa ndani ya boksi, imekunjwa mara nne,
juu yake: Mahitaji ya Chini ya Mfumo.
Nikaisoma nimesimama, taa ya stoo ikikonyeza,
Mwanakombo akasema, soma kwa sauti
nasi tujue tunadaiwa nini.

Prosesa ya viini vinne.
Yetu ina viwili, na kimoja nadhani kimestaafu.
Kumbukumbu, gigabaiti nane.
Tuna mbili.
Nafasi kwenye diski, gigabaiti arobaini:
hapo nikanyamaza, maana diski imejaa
picha za harusi ya mhasibu
na hakuna anayethubutu kuzifuta.

Umeme usiokatika.
Tukacheka wote,
hata Shekalaghe wa getini, asiyejua kompyuta
ila anaujua umeme wa Ngomeni
kama mtu anavyomjua shemeji mlevi:
saa anazotoroka, kishindo anachorudi nacho.

Chumba cha pili, miche ya mkonge imo vichupani,
elfu moja mia nne na kitu,
kila mmoja mdogo kuliko ukucha wa kidole gumba,
imesimama kwenye ujiuji wake mweupe,
udongo haijauona.
Inataka nyuzi ishirini na tano, zisizidi ishirini na saba,
na mwanga, na mlango ufungwe.
Haikuandika popote.

Miaka sita joto hilo limeandikwa kwa kalamu.
Kaunta buku, jalada limeshikwa na plasta ya hospitali,
kila baada ya saa mbili: 25.1, 25.4, 25.0,
na usiku mmoja wa Aprili, mwaka juzi, saa tisa: 28.
Kando yake mwandiko wa Mwanakombo umeinama:
"Nimelowesha mashuka nimeyatundika.
Mashuka ni ya kwangu."

Ikaja kompyuta ya kuazima kutoka mjini,
imefungwa kwa kanga kwenye kiti cha mbele cha pikapu.
Nikabofya. Ikadai ruhusa ya msimamizi.
Msimamizi, Bwana Mhando, yuko Morogoro semina.
Tukampigia. Jaribuni jina la mama, akanong'ona,
nyuma yake vijiko vikigonga sahani.
Likakataa.
Kwa herufi kubwa.
Likakataa.
Wekeni na mwaka aliofariki.
Likafunguka, na kwa muda hakuna aliyesema neno.

Adhuhuri mstari wa kijani ukaanza kutambaa kiooni,
umenyooka, hauna haraka: 25.2.
Mwanakombo akautazama, mikono nyuma,
akaenda kwenye kipimajoto cha ukutani,
akarudi, akautazama tena
kama anayehesabu chenji aliyopewa na mgeni.

Ilipogonga saa nane akafungua kaunta buku.
Nikamwambia, dada, sasa inajiandika yenyewe,
kila sekunde kumi, hadi tuchoke.
Akalowesha ncha ya kalamu ulimini.
Na yenyewe, akauliza, anaiandika nani?

Akachukua rula. Akapiga mstari wima,
safu mpya kulia kwa ile ya joto,
akaipa kichwa kwa herufi za kutulia: KOMPYUTA.

Saa nane. 25.2. Hai.
Saa kumi. 25.9. Imelala.
Chini yake, kwa wino uleule:
Shekalaghe ameenda kuleta maji.
Mashuka yapo.