Hogo

Nyanzobe kaletwa juu ya toroli la kokoto,
katambuga ya tairi bado imeng'ang'ania mguuni,
kifundo kimevimba hadi kimesahau umbo lake.
Jirani alikwisha kukikanda kwa maji ya moto.
Sikumlaumu. Hata mamangu angekanda.

Nikabonyeza ukucha wa kidole gumba:
mweupe,
mweupe,
kisha damu ikarudi kama mtu aliyeitwa kwa jina.
"Chezesha vidole, mama."
Vinne vikaitika. Cha tano, kwa uvivu.

Daktari akavuta, mimi nikashika goti;
mfupa ukarudi kwake kwa sauti
ambayo sijaizoea, na huu ni mwaka wa kumi na tisa.
Nikalowesha plasta, nikazungusha, nikalainisha kwa kiganja
kama anayekandika ukuta.

"Nakaa Mabatini, kule juu majabalini.
Nitapandaje?"
Sikuwa na jibu. Nikampimia magongo.

Wiki ya nane msumeno ukalia, hogo likapasuka:
mguu mwembamba, wenye magamba, mgeni kwa mwenyewe.
Akaugusisha sakafu kama anayejaribu ubaridi wa ziwa.
Nikamuuliza habari za lile jiwe.

"Lile? Nimelivunja nikiwa nimekaa.
Madebe arobaini na moja.
Ndilo lililolipia hogo lako."