Kutoa Upepo

Miaka kumi na mmoja nilikuwa mguu.
Chipamba chini ya gari, mimi kitini,
mlango wazi, mtoto mapajani.
"Kanyaga."
Nimekanyaga.
"Shikilia."
Nimeshikilia.
"Achia."
Na sikuwahi kuona nilichokuwa naachia.

Sasa yuko Tandahimba kwa mwenzangu.
Aliondoka na redio na ile jeki nzima.
Gari aliniachia, halina soko,
na juzi tukiteremka kuelekea Masasi,
mimi na magunia manane ya korosho,
pedeli ilizama kama mguu kwenye tope.
Nilisimama kwa gia, kwa breki ya mkono
na kwa jina la marehemu mama.

Leo Jumapili. Newala ina upepo wake,
unapanda ukingo usiku kucha
ukipekua mabati. Huo haunidhuru.
Ninaoutafuta ni kidogo, umejificha
ndani ya bomba jembamba kuliko penseli.

Nimeanza na gurudumu la mbali, nyuma kushoto.
Jeki mbovu, kwa hiyo gogo la mkorosho chini ya ekseli
na mawe kwenye magurudumu ya mbele.
Spana namba kumi. Kinati kimeota kutu;
nimekitia mafuta ya taa, nikanywa chai, nikarudi.
Mpira wa dripu niliuomba hospitali ya wilaya
(nesi aliuliza nani mgonjwa, nikasema Hailaksi).
Ncha moja kwenye kinati, ya pili imezama
katika chupa ya asali, chini kabisa ya mafuta,
ili gari likivuta pumzi
livute mafuta, lisivute hewa.
Siri yote ya kufanya peke yako ni hiyo.
Hakuna aliyenifundisha. Nilikaa nikaiwaza
kama mtu anavyowaza deni.

Legeza robo mzunguko. Panda kitini. Kanyaga.
Achia polepole. Shuka. Zunguka. Tazama.
Yanatoka ya zamani, rangi ya uraka uliolala,
na ndani yake mapovu,
moja, matatu, kisha mengi
kama mate ya mtoto anayeota meno.
Jaza kikopo chini ya boneti kabla hakijakauka.
Panda tena.
Mara ya sita nimejisikia nikisema kwa sauti:
"Nimekanyaga."
Kuku wamenitazama.

Bi Nantende kapita na ndoo kichwani.
"Fundi yuko wapi?"
"Ndiye huyu."
"Mh," kasema, na hakuondoka upesi.

Mafuta hayabonyei. Ukiyasukuma, yanasukuma.
Hewa ndiyo inayobonyea, inakukubalia,
ndiyo, ndiyo, mama, ndiyo,
hadi pedeli inagusa sakafu
na gurudumu halijasikia neno.
Nimelala kitanda kimoja na mtu wa hivyo.

Nyuma kulia. Mbele kushoto: tone limedondokea bodi,
likabandua rangi kabla sijalifuta. Alama itabaki.
Mbele kulia, povu moja limegoma
kwenye kona ya mpira, dogo kama punje ya mtama.
Nimeligongagonga kwa spana, nimelibembeleza,
nimelitukana Kimakonde. Likaenda.

Pedeli sasa imesimama juu.
Nikiegemea, inanirudishia uzito wangu.

Kesho alfajiri, bila magunia,
nitakwenda hadi pale barabara inapoinama.
Sijui bado. Kile kinati cha nyuma kushoto
kililia nilipokuwa nakikaza
na sikukipenda kile kilio.
Chupa nimeiweka juu ya ukuta, watoto wasiifikie:
maji meusi ya miaka kumi na mmoja.

Giza limeingia. Nimepanda kitini mara moja zaidi,
mlango wazi,
nikakanyaga, nikashikilia.
Hakuna aliyesema niachie.