Hewa Isiyokaa

Hewa ukaa, waiita, na ndiyo kwanza haikai:
maji yakitibuka kidogo tu, imekwenda zake.

Wietske kalazwa tangu Jumatatu. Mapafu.
Kaniachia tangi, mtungi mwekundu chini yake,
na karatasi kwenye friji:
"Harm, kiputo kimoja kwa sekunde. Basi."

Kichupa cha kioo ndani ya maji kilikuwa buluu.
Buluu ni njaa. Majani yamesinyaa,
mwani umeota ndevu juu ya mawe.
Nikasema, mwenyewe hayupo,
bustani yake isije ikanifia mikononi.
Nikazungusha koki. Viputo vitatu, vinne,
kisha mkururo usiohesabika.

Alfajiri, theluji ya Groningen dirishani,
kichupa manjano kama mkojo wa homa,
samaki wote wako juu,
vinywa vimegandamana na ngozi ya maji,
wakihema
kama alivyohema yeye kwenye ngazi.

Nikafunga. Nikakoroga maji kwa upawa wa supu,
nikimwomba radhi kila mmoja.
Watatu hawakunisamehe.

Sasa nimevuta kiti, saa ya jikoni mkononi.
Kiputo. Sekunde. Kiputo.
Miaka thelathini na minane nimeendesha basi,
sijapata kukanyaga mafuta polepole hivi.

Leo mchana, kijani.
Kwenye ukingo wa jani moja
punje ya hewa safi imejishika, haijaachia.
Nimempigia. Akauliza, samaki wangapi?
Nikamwambia rangi.