Zana ya Nne: Rudi

Saa tisa na nusu alasiri, na Tartu tayari ni usiku.
Mto umeganda kingo zote mbili,
katikati maji bado yanabisha.
Ninaandika mwongozo kwa msomaji asiye na macho,
asiye na kidole, asiye na chai inayopoa pembeni:
wakala wa akili mnemba, anayetumwa mtandaoni
kama mtoto anavyotumwa dukani, sarafu kiganjani.

Zana ya kwanza: fungua. Huhitaji anwani kamili.
Nimeandika, nikafuta, nikaandika tena.
Ukimpa nusu ya anwani hatauliza.
Atakwenda.

Zana ya pili: bofya. Hapa Indrek alinicheka.
"Andika 'hubofya kitufe', basi. Nani asiyejua kitufe?"
Jana wakala aliagizwa tiketi ya treni ya Valga.
Kidirisha cha vidakuzi kilikuwa kimekaa mlangoni,
naye akabofya kilichofichwa nyuma yake
mara arobaini na moja, kwa adabu, bila kukunja uso,
kama mgeni anayepiga hodi kwenye picha ya mlango.
Nimeongeza sentensi: Kabla ya kubofya, hakikisha njia i wazi.
Indrek hakucheka. Aliuliza tu kama "i wazi" ni kosa la chapa.

Zana ya tatu: subiri. Sekunde ngapi?
Indrek anasema tano. Mimi nilishaandika kumi
simu ilipolia, maana leo ni Alhamisi,
na Alhamisi baba yangu huenda kliniki kwa miguu,
akishika fimbo mkono mmoja na mimi mkono wa pili.

"Nenda mbele," nikamwambia.
"Mbele ya nani?"
"Geuka kushoto."
"Nimegeuka. Sasa kushoto kumehamia wapi?"
"Subiri, Baba."
"Endla," akasema (huniita jina zima akikasirika),
"usiniambie nisubiri. Niambie nasubiri nini.
Taa? Gari lipite? Wewe umalize kuandika?"

Nikafuta kumi. Nikaandika:
Subiri: usitaje muda. Taja kinachosubiriwa.

Zana ya nne: rudi.
Hurejesha ukurasa uliotangulia.
Hairejeshi ulichokuwa umekijaza humo.
Indrek ameipigia mstari mwekundu sentensi ya pili:
inatia huzuni, anasema, na wakala hahuzuniki.
Nimeiacha. Siku moja atajaza fomu ya mtu,
jina, tarehe, ugonjwa, kurasa nne,
kisha arudi nyuma kuangalia kitu kidogo tu.

Baba naye alitaka kurudi.
"Nirudishe njia ileile," akasema,
lakini njia ileile haikuwepo: greda lilikuwa limepita,
theluji imehamishwa kutoka kulia kwenda kushoto,
rundo aliloligusa akija, akirudi ni hewa.
Nilikuwa na ramani mbele yangu, yenye kidoti cha buluu,
kidoti kikirukaruka baina ya mitaa miwili
kama mwongo anayetafuta jibu.

Zana ya tano sikuwa nimeifikia.
Ile ya kupiga picha ya skrini,
ili wakala aseme yuko wapi kabla hajapiga hatua.
Nilikuwa nimeipanga mwisho, baada ya viambatisho.

"Baba," nikasema, "simama hapohapo. Unasikia nini?"
Kimya. Pumzi yake. Tramu hatuna, kwa hiyo si tramu.
"Koleo. Mtu anakwangua zege. Anakohoa."
"Na nini tena?"
"Mkate mweusi. Wa moto. Nadhani mlango unafunguliwa,
harufu inakuja, inakatika. Inakuja."

Nikaacha ramani. Namjua mwokaji yule, namjua kikohozi chake.
"Subiri mlango ufunguke tena," nikamwambia,
"kisha ifuate harufu hatua sita. Kuna kizingiti."

Nikamsikia akihesabu.
Huku kwa mkono mmoja nilikuwa nahamisha zana ya tano,
naipandisha, naipandisha,
hadi juu ya ya kwanza.