Namba Tano Haikuwemo

Belo lilifunguliwa Kiboriloni Jumatano asubuhi.
Elinisafi alikata kamba kwa wembe,
na chini ya blanketi za watoto na soksi zisizo na pacha
zikatoka jezi, damu ya mzee na mistari ya maziwa.
Kumi. Nikazihesabu mara mbili.
Namba tano haikuwemo.

Kifuani kondoo, chini yake gurudumu, na mwaka: 1887.
Nikasema, hii timu imeitangulia reli kufika Moshi.

Mpwa wangu Kirenga akaisaka kwenye simu.
Bando likamwishia kwenye vita vya kwanza,
nikampa mia tano, tukaendelea.

Askadeli, ndivyo alivyolitamka.
Mji wa wafuma sufu, huko Uingereza.
Walicheza Jumamosi, king'ora cha kiwanda kikishalia,
mikono ingali inanuka mafuta ya kondoo.
Walipanda daraja mara moja, wakashuka msimu uliofuata.
Kombe moja tu. Kipa alilisahau kwenye treni.
Kisha kiwanda kikafungwa,
mashabiki wakafuata kazi kwingine,
uwanja ukauzwa, sasa linauzwa zulia
pale palipokuwa goli la kaskazini.
Mechi ya mwisho: mvua, watazamaji mia na kumi na wawili,
nne mtungi.
Walidaiwa kodi. Jina likapigwa mstari daftarini.

"Shangazi, unalia?"
Silii. Nahesabu vifungo.

Baba alikuwa namba tano
timu ya kiwanda cha magunia.
Beki asiyejua kuruka, lakini hapitiki.
Alirudi zamu ya usiku na nyuzi za katani kwenye nyusi,
akalala saa mbili, akaenda kucheza.
Mama ndiye aliyezishona zile jezi,
kwa cherehani hii hii ninayoikanyaga.

"Itafute na hiyo," nikamwambia Kirenga.
Akaandika. Akaandika tena kwa herufi kubwa.
Hakuna.
Askadeli wana idadi ya waliolowa na mvua ile.
Sisi hatuna hata mechi ya mwisho,
kuna Jumapili moja tu ambayo watu hawakuja,
na Jumapili iliyofuata mbuzi walikuwa katikati ya uwanja
na hakuna aliyewafukuza.

Mwalimu Ndewario amezinunua zote kumi
kwa vijana wake wa darasa la sita.
Anataka kondoo afunikwe, aweke nembo ya shule.
Nimemfunika, lakini kwa mshono wa kulaza,
uzi mmoja, ukivutwa unatoka wote.

Ya kumi na moja nimeitunga mwenyewe:
shati la Elinisafi lililobaki dukani, rangi inakaribia,
na mgongoni tano,
nimeikata kwenye gunia la baba la kahawa.

Jana walijaribisha. Mtoto wa namba tano
alikuwa anajikuna kabla ya filimbi.
"Mama, inawasha."
Najua, nikamwambia. Cheza.