Daftari la Maji

Kanisa linauzwa. Kibao kimefungwa kwa waya langoni
na mvua ya Wales inakilamba tangu Jumatatu.
Bwana Idwal Probert, katibu wa waumini kumi na mmoja waliobaki,
amenifungulia kwa ufunguo mrefu kama mwiko
na kunishauri nisivue koti.

Madaftari yamo ndani ya bati la biskuti.
Matatu. La kwanza limeguguniwa pembeni:
panya walianza na mwaka wa kumi na mbili
wakashiba walipofika ishirini na tisa.

Nimekuja kumtafuta mtoto,
Keturah Beynon, bibi wa bibi yangu.
Ukurasa wa watoto uko wapi? nikauliza.
Bwana Idwal akachekea puani.
Sisi Wabatisti, mama, kichanga hatumnyunyizii maji.
Mtu huja kwa miguu yake na kinywa chake,
ndipo tunamwandika.
Kabla ya hapo ni wa Mungu tu, hana ukurasa.

Basi Keturah kwangu anaanza na miaka kumi na tisa,
tayari amelowa.

*Keturah Beynon, mtumishi, shamba la Pantglas.
Maji mengi, Februari, tarehe saba.
Barafu ilivunjwa kwa shoka.*

Shoka wameliandika. Mama yake, la.

Mali bila daftari hupotea bila habari,
na hawa hawakupoteza hata mshumaa:
shilingi mbili za nta, ndoo ya chokaa,
kioo cha dirisha la kaskazini, mara mbili.
Na waliotengwa, kila mmoja na kosa lake:
Ebenezer Havard, pombe ya mnadani.
Dada wawili wa Felin, kucheza ngoma ghalani.
Mtu mmoja wa Cwm, kuuza farasi kipofu
akiapa kwamba anaona.

Kisha, miaka mitano baada ya barafu:
*Keturah Beynon. Ametengwa.*
Kosa halipo.
Baada ya neno kuna shimo.
Kalamu ilikandamizwa hadi ikatoboa karatasi,
ikatokea upande wa pili, katikati ya hesabu ya mishumaa.

Mkobani nina cheti cha serikali cha mwaka uo huo:
Enoch, mvulana, amezaliwa Pantglas, Oktoba.
Mahali pa baba pamepigwa mstari.

Chini ya kila ukurasa kuna jina la mwandishi,
Josiah Prydderch, shemasi.
Miaka thelathini ya mwandiko wa kunyooka kama mtaro,
hakuna doa, hakuna mkwaruzo,
ila hapa.

Nikamwonyesha Bwana Idwal. Akavaa miwani, akaivua.
Kalamu mbaya, akasema. Manyoya ya bata siku zile.
Akanimiminia chai.

Huenda ni kweli. Huenda nimesafiri mbali mno
na sasa nataka shimo liwe babu.

Miaka tisa mbele, kwa mkono wa mtu mwingine:
*Keturah, amerudishwa.*
Na miaka mingi baadaye, kwenye orodha ya makaburi,
*Keturah wa Pantglas*, bila jina la ukoo,
kama vile nani asingemjua.

Nyumbani tulifunzwa kwamba damu ni nzito kuliko maji.
Hapa maji yana tarehe, yana shoka, yana mashahidi sita.
Damu imeachiwa tundu
lisilotosha hata ncha ya kidole changu cha mwisho.

Nilipotoka nikauliza birika la ubatizo lilikuwa wapi.
Akanielekeza nyuma, chini ya daraja,
penye toroli la dukani lililotupwa, magurudumu juu.
Nikakunja mkono wa koti
nikaupeleka mkono majini hadi kiwiko.
Nilikusudia kuhesabu hadi kumi na tisa.

Nilifika saba.