Makonyo

Nilitaka kimoja tu:
kijiprogramu cha kufungulia hati,
ili kadi za kliniki ya Wete zisomeke
bila kulala upande kama mtu aliyeshikwa na kiuno.

Nikaiuliza mashine. Ikafikiri,
ikanirudishia orodha: arobaini na saba.
Nimealika mmoja, kaja na shemeji,
shemeji na jirani, jirani na wapagazi,
na wapagazi nao, wallahi, na wapishi wao.

Mashine hii hailetewi kilichopikwa.
Hupewa nafaka, ikatwanga, ikapepeta, ikapika yenyewe,
herufi zikipanda kiooni usiku kucha,
feni ikihema kama mwenye pumu.
Ndiyo maana naipenda: najua kila kilichomo chunguni.
Ndiyo maana pia sikulala.

Kwa nini msoma hati aulize hali ya hewa?
Kwa nini atake kunong'ona na simu za hewani
katika chumba chenye simu moja, nayo mbovu?
Kwa nini atake sauti?
Nani anaimbiwa masjala?

Nikalikumbuka jamvi letu la Mzambarauni,
msimu wa karafuu, taa ya chemni katikati,
sisi watoto tumeizunguka, vidole vyeusi:
shada kiganjani, unalikunja, unalisugua,
karafuu huku, makonyo kule.
Tulilipwa kwa pishi. Aliyechanganya alirudia.
Dada yangu Somoe alikwenda kasi ya cherehani
na halikumpita konyo hata moja.

Basi nikaanza kuchambua.
Mbele ya kila jina nisilolitaka, kistari cha kutoa:
toa hali ya hewa,
toa simu za hewani,
toa mapambo, toa lugha za nchi nisizozijua,
toa sauti.
Kila kistari, orodha inakonda.
Thelathini na moja. Ishirini. Kumi na mbili.
Saa sita umeme ukakatika; nikakaa gizani
nikihesabu kwa vidole kama mwenye tasbihi.
Saa nane ukarudi, nikaanza upya.
Adhana ya alfajiri imenikuta kwenye tisa.
Tisa! Nikajisifu peke yangu,
nikafuta na vile vya zamani vilivyobaki yatima,
visivyoitwa tena na yeyote,
mashine ikawa nyepesi kama pakacha tupu.

Jumatatu akaingia Faki Shaame, fimbo kwanza.
Akaketi, akavaa vikombe vyake vya masikioni,
akagusa kitufe kama anavyogusa kila siku,
akainamisha kichwa kulisikiliza jina la mgonjwa wa kwanza.
Akangoja.
Akagusa tena.
Nje, foleni inakohoa.

Sikuwa nimesahau kwamba Faki haoni.
Nani angesahau? Miaka minne tunakunywa chai meza moja.
Nilisahau tu kwamba macho yake
yalikuwa miongoni mwa wale mayatima,
nami nimeyaita makonyo.

"Mwanakheri," akasema, vikombe vikimning'inia shingoni,
"naona umenichambua na mimi."

Yeye alicheka. Mimi sikuweza.
Kutwa nilimsomea kwa mdomo wangu,
jina baada ya jina, tarehe za kuzaliwa,
uzito wa watoto kwa kilo na nukta.
Usiku nikaondoa kile kistari,
mashine ikatwanga tena mpaka kukacha,
sauti na jamaa zake wote kumi na wanne,
sikumwuliza hata mmoja ametoka wapi.

Na makonyo, nimekuja kukumbuka baadaye mno,
hayakuwa yakitupwa.
Yalikuwa na gunia lake, na mnunuzi wake.

Hali ya hewa nimeiacha nje, nako ndiko kwake.
Lakini ukilifungua jalada la mipangilio,
chini ya safu ya vistari
utakuta mstari nilioandika kwa ajili ya mwengine,
atakayekuja na usiku mrefu na kidole chepesi:

Hii usitoe. Ya Faki.